Kwanza mwamba, samaki baadaye

Anayeanza na kioo cha sona, kifaa kinachoonyesha yaliyo chini ya maji kwa mwangwi wa sauti, hukodolea macho vitone vya samaki. Viache kwanza. Chewa na changu hukaa penye mwamba au ukingo, na huko ndiko kwa kutafuta.

Kazi inaanzia nyumbani, kwenye ramani ya bahari. Tazama mistari ya kina inapobanana: hapo chini panaporomoka, kama ilivyo nje ya miamba ya Shimoni kuelekea mkondo wa Pemba. Weka alama kadhaa kwenye GPS, ila soma maandishi ya pembeni kabla ya kuziamini. Ramani za zamani za Kiingereza huhesabu kina kwa pima, na pima moja ni karibu mita 1.8. Ramani iliyochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuainisha mahali, hailingani na WGS 84, mfumo wa GPS. Huachana kwa takriban mita 300, na mwamba mdogo utaupita bila habari. Kina kilichoandikwa pia ni cha maji kupwa. Bamvua ikijaa, Mombasa huongeza zaidi ya mita 3, kwa hiyo usishangae sona ikikataa namba ya ramani.

Ukifika, punguza mwendo hadi noti 3 au 4 na unyooshe. Boti ikikata kona, picha ya ubavuni, ile ya sona inayoonyesha kando za boti, hupindika, haina maana. Mawimbi ya sona ya kHz 455 huona mbali zaidi. Ya kHz 800 huonyesha vizuri ila karibu. Halafu tazama vivuli: jiwe lenyewe laweza kuwa doa tu, lakini kivuli kirefu kinakwambia limesimama. Kwenye picha ya chini ya boti, sakafu ngumu ni mstari mnene, mara nyingi na mwangwi wa pili chini yake.

Kuweka alama ndipo wengi wanapokwama. Ukibonyeza jiwe linapotokea, umehifadhi mahali pa boti, na jiwe liko mita 30 ubavuni. Rudisha kishale juu ya jiwe kwenye picha, ndipo uhifadhi. Kisha pita juu yake tena, safari hii kwa kukatiza.

Ukipata mzee anayejua mahali pa mwamba kwa kupanga mnazi wa ufukweni na kilima cha nyuma yake kwenye mstari mmoja, linganisha alama zake na zako. Mara nyingi atakuwa amekutangulia, tena bila betri.

Nanga itue mchangani, upande mkondo unakotoka, kisha legeza kamba mpaka boti ikae juu ya alama. Ukiitupa juu ya mwamba wenyewe utavunja matumbawe, na huenda nanga ikabaki huko.