Mkono Umekatwa, Vidole Vinawasha

SWALI: Kaka yangu alikatwa mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, baada ya kunaswa na mkanda wa mashine ya kusaga nafaka miaka minne iliyopita. Kidonda kilipona vizuri, lakini hadi leo anasema vidole vinamwasha, na usiku mwingine huona kana kwamba ngumi imekunjwa na kucha zinamchoma kiganjani. Ajabu zaidi, kinyozi akimpitishia wembe kwenye shavu la kulia, yeye huhisi kidole gumba kinapapaswa. Nyumbani wapo wanaodai mkono haukuzikwa inavyostahili, na wapo wanaonong'ona kwamba ameanza kuchanganyikiwa. Ukweli ni upi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyompata kaka yako. Hajachanganyikiwa, wala mkono wake haumdai mtu maziko. Watu wengi waliokatwa kiungo hupatwa na hali hii, ambayo tabibu Mfaransa Ambroise Paré aliieleza tangu karne ya 16, na ambayo mwaka 1871 daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyewahudumia majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, aliipa jina tunaloweza kulifasiri kuwa kiungo mzuka.

Tumezoea kusema kidole kinahisi, lakini kazi ya kidole ni kupokea mguso na kupeleka habari tu. Ngozi inapoguswa, vipokezi vyake huzalisha mipigo midogo ya umeme inayosafiri kwa neva hadi kwenye uti wa mgongo, ikapanda hadi shina la ubongo, ambako njia ya mguso mwepesi huvukia upande wa pili, ikapitia kituo kiitwacho talamasi na kufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka la nje lenye unene wa milimita chache. Hapo upo ukanda unaoanzia utosini na kushuka kuelekea sikioni, nao ndio unaopokea habari za mguso wa mwili mzima: wa kushoto hupokea za mwili wa kulia, na wa kulia hupokea za kushoto.

Ramani ya ukanda huo ilichorwa na Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo mjini Montreal, Kanada, aliyeichapisha pamoja na Edwin Boldrey mwaka 1937. Wagonjwa wake, wengi wao wenye kifafa, walifunguliwa fuvu wakiwa macho, kwa sindano ya ganzi ya kichwani tu, kwa sababu ubongo wenyewe hauna vipokezi vya maumivu. Daktari alipogusa sehemu fulani ya gamba kwa umeme hafifu, mgonjwa alisema kidole gumba kinamsisimka, ilhali mkono wake umelala shukani na hakuna aliyeugusa. Kwa kaka yako mambo ni yaleyale: mkono umeondoka, lakini sehemu yake katika gamba imebaki.

Ramani yenyewe haigawi nafasi kwa haki. Midomo na vidole vimepewa eneo kubwa, mgongo umeachiwa kipande kidogo. Mwombe mtu akuguse kwa vijiti viwili vya meno kwa wakati mmoja huku umefumba macho: kwenye ncha ya kidole utavitambua kuwa viwili hata vikiachana milimita 2 au 3, lakini mgongoni vinaweza kuachana kiasi cha sentimita 4 na wewe ukaapa kuwa ni kimoja.

Sasa tumrudie kinyozi. Katika ramani hiyo eneo la uso linapakana na la mkono, jambo ambalo hungelitarajia kwa kuutazama mwili, na shavu la kulia na mkono wa kulia vyote vimo katika nusu ya kushoto ya ubongo. Ndiyo maana wembe ukipita shavu la kushoto huenda asihisi kitu chochote cha ajabu. Katika miaka ya 1990 mtafiti V. S. Ramachandran alieleza kwamba eneo la mkono likikosa habari, za uso huliingia, mithili ya jirani anayelima shamba lililoachwa. Maelezo hayo yalipendwa sana, nami naona yalipendwa kupita kiasi, kwani uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2013 ulionyesha kwamba watu waliokatwa mkono, walipoombwa kuchezesha vidole wasivyokuwa navyo, eneo la mkono katika gamba liliamka vizuri, na zaidi kwa wale wenye maumivu makubwa. Shamba, basi, halikuachwa kabisa.

Kuhusu ngumi inayomchoma usiku, usiishie kumliwaza. Mpeleke hospitali wakague kigutu, kwa kuwa neva zilizokatwa huweza kuota kinundu chenye maumivu ambacho hutibika, na amweleze daktari maumivu hayo bila aibu, kwa sababu zipo dawa zake. Kuna pia zoezi la kioo: anakisimamisha katikati ya kifua, mkono mzima upande wa mbele na kigutu nyuma, kisha anaukunja na kuukunjua mkono mzima polepole huku akitazama taswira yake. Haliwasaidii wote, ila wapo walioona ngumi ile ikifunguka.