Jina la kati la binti: ulizeni kwanza nani ataliandika

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtoto wa kike apewe jina la kati la kumuenzi mtu wa familia, au lile linalopendeza likitamkwa? Swali limenigusa penye kidonda, maana linaishia siku ya kumpa mtoto jina, na mtoto ana miaka 70 ya kuishi nalo. Tena jina la kati haliitwi sana, linaandikwa. Kwa hiyo nitajibu swali la jirani yake: nani ataliandika, ataliandikaje, na litabaki nini likishapita mikononi mwa makarani watano?

Wale ambao nafasi ya kati kwao ni ya jina la baba hawana la kuchagua. Nasema na wanaochagua.

Naanza na msimamo wangu. Binti asikose jina la kati, na liwe jina zima linaloweza kusimama peke yake, kwa sababu hiyo ni akiba yake. Anna Eleanor Roosevelt alijulikana duniani kote kwa Eleanor, jina lake la pili. Eleanor Rosalynn Carter, naye mke wa rais wa Marekani, alikuwa Eleanor kwenye karatasi lakini watu walimjua kwa Rosalynn. Robyn Rihanna Fenty sina haja ya kumweleza. Tazameni jina Eleanor: kwa mmoja lilikuwa akiba, kwa mwingine ndilo lililowekwa kando. Mzazi hawezi kujua binti yake atalipenda lipi, basi ampe mawili yanayofaa.

Kuhusu sauti, watu huhangaika na maana wakasahau masikio. Majina mengi ya kike tunayoyajua huishia na a, kwa hiyo la kati likianza na a yanagandana: Asha Amina hutamkwa Ashamina, Neema Amani huwa Neemamani. Silabi nazo zikijirudia mpakani, kama Rehema Mariamu, msikilizaji hupoteza moja. Hesabuni silabi za majina yote matatu. Yakilingana yote, tuseme tatu-tatu-tatu, hutoka kama mdundo wa kuhesabu. La kati likizidi au kupungua kwa silabi moja au mbili, jina zima hupata mwendo. Asha Tumaini, mbili kwa nne, linakaa vizuri. Na majina yenye maana ya wazi yakifuatana hugeuka sentensi: Furaha Mashaka, Pendo Tabu. Kila moja peke yake ni jina la heshima, ila yakikaa pamoja yanasema jambo ambalo mzazi hakukusudia. Halafu andikeni herufi za mwanzo tu. Mariamu Bahati wa ukoo unaoanza na U atasaini MBU maisha yake yote.

Hilo la herufi ndilo linalonirudisha kila mara kwenye kisa kimoja. Ni cha mvulana, lakini herufi hazibagui. Mwaka 1822, Ohio, Marekani, alizaliwa Hiram Ulysses Grant. Nyumbani aliitwa Ulysses, yaani naye aliishi kwa jina la kati. Alipofikisha miaka 17 ikawa aende chuo cha kijeshi cha West Point, na wakati wa kufunga safari ikaonekana kwamba herufi zake zikiwekwa kwenye sanduku zitasomeka HUG, neno ambalo kwa Kiingereza ni kukumbatia. Kijana anayekwenda kuishi na vijana wenzake kambini hakulitaka hata kidogo, akageuza mpangilio: Ulysses Hiram Grant. Kumbe jina lilikuwa limeshaamuliwa kwingine. Mbunge Thomas Hamer, aliyempendekeza mwaka 1839, alimjua kama Ulysses, akadhani hilo ndilo la kwanza. Katikati akaweka S, huenda akifikiria Simpson, ukoo wa mama wa kijana. Grant alipofika alikuta orodha ina U. S. Grant, na orodha ikashinda. Wenzake waliziona U.S., wakakumbuka Uncle Sam, jina la utani la Marekani, wakamwita Sam. Mwaka 1862, akiwa jenerali vitani, alipodai ngome ya Fort Donelson ijisalimishe bila masharti, watu wakazipa herufi hizo maana nyingine tena, kwa kuwa maneno ya Kiingereza ya dai hilo, unconditional surrender, nayo huanza na U na S. Mwaka 1869 akaapishwa kuwa rais kwa jina lililotokana na kosa. Ile S haikuwa na jina nyuma yake.

Fuateni lilivyoharibika. Jina la kuitwa nyumbani halikuwa la kwanza kwenye karatasi. Herufi za mwanzo hazikukaguliwa mtoto alipozaliwa. Fomu ilijazwa na mtu wa tatu kwa kukisia. Mwenye jina alifika orodha ikiwa imeshafungwa. Hakuna hata moja kati ya haya manne lisiloweza kumpata mtoto atakayezaliwa kesho.

Kwa kweli leo hata mashine zinasaidia kuharibu. Pasipoti ina mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44. Katika mstari wa kwanza, nafasi 5 ni za aina ya hati na nchi, zinabaki 39 za majina. Ukoo hutangulia, zinafuata alama mbili za kutenganisha, kisha majina mengine yakitengwa kwa alama moja moja. Kwa majina matatu mna herufi 36 tu. Ritifaa huondolewa, kwa hiyo ng' husomeka ng, na kistari hugeuzwa kuwa alama ya kutenganisha, hivyo jina mliloliunga huonekana mawili. Pasi ya kupandia ndege ni finyu zaidi: nafasi ya jina katika msimbopau wake ni 20, pamoja na mkwaju (/) unaofuata ukoo. Fatuma Hekima mwenye ukoo wa herufi 9 atabakiwa na nafasi 10, na kwa kuwa majina hayo mara nyingi hubananishwa bila pengo, atasomeka FATUMAHEKI.

Majina mawili ya kati, ili bibi wa kuumeni na wa kukeni wote waridhike? Msifanye. Fomu nyingi zina kisanduku kimoja, na karani ndiye atakayeamua bibi yupi anaachwa. Angalieni pia mabinamu: familia ikimpenda bibi mmoja sana, wasichana watatu hujikuta na jina moja la kati na ukoo mmoja, na la kwanza nalo likifanana, la kati halitofautishi tena mtu na mtu.

Siku ya kusajili, msilitamke jina mkamwachia karani aandike. Mpeni karatasi yenye herufi kubwa, majina kwa mpangilio wake, tahajia moja iliyokwisha kuamuliwa: Zainab au Zainabu, Mariam au Mariamu au Maryam. Someni cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Msikubali la kati lifupishwe kuwa herufi moja na nukta, kwa sababu hati ya pili italiandika lote na ya tatu italiruka, na marekebisho ya baadaye mara nyingi hudai kiapo na rundo la nyaraka.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kila binti lazima awe nalo. Sasa nasita. Nikitazama kisanduku kinachofupishwa, kinachobananishwa na kinachorukwa, naona hapo si mahali pa kumweka mtu mnayemheshimu. Basi nijibu swali lenu kama lilivyo: mkitaka kumuenzi bibi, mpeni nafasi ya kwanza. La kati liwe fupi, la tahajia isiyo na ubishi, na kama halipatikani jina zima linalopita majaribio hayo, pabaki patupu. Isipokuwa pale ambapo jina la kwanza na ukoo ni vya kawaida mno, Fatuma wa ukoo wenye maelfu ya watu. Huyo msimnyime, kwani bila la kati atachanganywa na wenzake kwenye kila orodha. Na aliyekwisha kusajiliwa asibadilishwe jina kwa sababu ya barua hii. Inatosha fomu yake ya shule, kadi ya kliniki na pasipoti ziandikwe kwa kunakili cheti cha kuzaliwa, si kwa kumbukumbu ya anayejaza.