Barua kwa mwanangu: jina la kusaini kwenye picha

Mwanangu,

Marahaba. Unaniuliza ukishaolewa picha zako uzisaini jina la baba yako au la mumeo, maana mama mkwe ameshaanza maneno, na wale wenye nyumba ya sanaa London wanataka jibu kabla ya maonyesho.

Jina halinisumbui. Faith Ringgold, yule Mmarekani mweusi wa Harlem uliyenionyesha kazi zake za viraka, alitumia jina la mume wake wa pili, waliyeoana mwaka 1962. Lubaina Himid, mchoraji wa Uingereza mzaliwa wa Zanzibar, anatumia la kwao. Wote wamefika. (Na wote mama zao walikuwa watu wa vitambaa! Mama yake Faith alikuwa fundi wa mavazi, na mwaka 1980 yeye na Faith walishona pamoja mfarishi wa viraka, wa kwanza wa Faith. Acha na mimi fundi cherehani wa Makoroboi, hapa Mwanza, niringe kidogo.)

Kinachonisumbua ni chumba. Nyumba mnayotaka kupanga Nyegezi ina vyumba viwili, na nasikia cha pili ni cha wageni. Wageni wa nani? Wewe picha moja ya vipande vya kanga unaitandaza sakafuni kutwa nzima, gundi haijakauka, mtoto akikatiza imeharibika. Wakija mashemeji kutoka Magu na ndoo ya sato, utakunja kazi uingie jikoni, na hakuna atakayeona amekukosea. Kazi ya mwanamke hufa hivyo hivyo, bila mtu kuikataza.

Hilo la chumba lisemeni kabla washenga hawajakaa kuhesabu ng'ombe. Wewe mwambie mchumba wako mwenyewe. Upande wa wazazi wake, shangazi yako atalifikisha kwa adabu.

Hao wa London usiwakimbilie. Himid alipata tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza. Hadi mwaka uliotangulia, aliyefikisha 50 hakuruhusiwa kushindania. Waulize asilimia yao, wengi hukata nusu ya bei. Nani analipia usafiri? Picha isiyouzwa inarudi kwa gharama ya nani? Wajibu kwa maandishi, na mkataba usaini wewe, hata kama Kiingereza cha mchumba wako kimenyooka kuliko chako.

Ile picha kubwa ya wanawake wa soko la samaki la Mwaloni wanaoanika dagaa usiiuze kwanza.

Jumapili njooni wote wawili, nitapika. Mwambie aje na vipimo vya hicho chumba.

Mama yako