Mjamzito mahabusu na pingu za leba

SWALI: Mdogo wangu yuko mahabusu hapa Tabora, mimba ya miezi minane. Tunasikia mahabusu wakipelekwa hospitali hufungwa pingu. Hata akishikwa na uchungu?
Msomaji, Ipuli

JIBU: Akishikwa na uchungu, hapana. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa (2010) kuhusu wanawake walio gerezani, kanuni ya 24, zinakataza kumfunga mwanamke wakati wa uchungu, anapojifungua na mara tu baada ya kujifungua. Kanuni za Mandela za 2015, za Umoja wa Mataifa pia na zinazohusu wafungwa wote, zinarudia katazo hilo, na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inakataza kumtesa au kumdhalilisha mtu. Mahabusu ni mtu.

Wakunga wanajua sababu. Kichwa cha mtoto kikitoka mabega yakakwama, zipo dakika chache tu: mapaja ya mama hukunjwa kwa nguvu kuelekea tumboni ili mtoto apate nafasi. Mguu uliofungwa kitandani haukunjiki. Kifafa cha mimba kikimpata, lazima alazwe ubavu haraka, na mkono wenye pingu unaweza kuvunjika.

Safari za kliniki hazitajwi kwenye kanuni ya 24, na hapo ndipo tunapoona familia zikinyamaza. Tumbo kubwa huyumbisha mwili. Akijikwaa akishuka garini huku mikono imefungwa, ataangukia tumbo, na kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati. Kanuni ya 48 ya Mandela inaruhusu pingu pale tu njia nyepesi isipotosha. Itajeni.

Mwandikieni Mkuu wa Gereza sasa hivi: jina, namba yake, tarehe ya makadirio, na ombi asindikizwe na askari wa kike bila pingu. Ambatanisheni nakala ya kadi ya kliniki, na nakala yenu ya barua igongwe muhuri. Kesi ikitajwa, amwombe hakimu aiandike hali yake kwenye jalada. Kama kosa lina dhamana, aiombe hapohapo. Kama hana wakili, muoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Leba msibishane na askari. Mkunga ndiye aseme pingu zitoke, aandike kwenye faili. Askari atalinda mlangoni. Ombeni akae bila pingu angalau saa 24 baada ya kujifungua, maana kutoka damu nyingi hutokea zaidi muda huo. Wakikataa, andikeni saa na cheo cha askari, mpeleke malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Mtoto akizaliwa gerezani, cheti chake cha kuzaliwa hakipaswi kutaja gereza. Kagueni kabla ya kukipokea.