Kadi ya alama ya Ujerumani: hesabu alama zako kabla hujagusa kiwanja

Mkuu, salamu nyingi za Moshi. Nimesoma swali lako na majibu yaliyofuata. Wengi wamekuambia "nenda" au "usiende" bila kugusa ulichouliza, na mimi nimepita njia hiyo, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kwa wanaoingia sasa hivi: ndugu yetu ni fundi umeme wa Arusha, umri miaka 29, ana diploma ya miaka mitatu na amefanya kazi miaka mitatu kwenye karakana ya kampuni ya utalii Njiro. Kuna wakala amemwambia alipe milioni nane apatiwe kadi ya alama ya Ujerumani, na anawaza kuuza kiwanja chake cha Kisongo. Mke wake ni muuguzi huku Moshi, naye anauliza kama yumo kwenye mpango.

Mimi ni fundi umeme kama wewe. Nilisoma Arusha, nikafanya kazi miaka kadhaa kwenye shamba la maua upande wa Usa River, kwenye pampu na vyumba vya baridi, kisha nikaondoka kwa kadi hiyohiyo. Sasa niko kiwandani Thuringia, jimbo moja la Ujerumani, na haya naandika nikiwa likizo nyumbani.

Kadi inaitwa Chancenkarte na ilianza kutolewa Juni 1, 2024. Inakuruhusu kukaa Ujerumani hadi mwaka mmoja ukitafuta kazi. Watu wanaichanganya na Kanada, ambako alama zako zinashindanishwa na za wengine na wa juu wanaitwa kuomba ukaazi wa kudumu. Wanaichanganya pia na Uingereza, ambako alama 70 hazitimii mpaka mwajiri mwenye leseni akudhamini kwanza. Kwa Wajerumani hakuna kushindana na mtu: ukifikisha alama 6 na masharti ya msingi yametimia, unastahili kuomba. Lakini alama hizo zinakupa ruhusa ya kutafuta tu. Hakuna mwajiri hata mmoja kule aliyewahi kuniuliza nilikuwa na alama ngapi.

Masharti ya msingi yanatangulia alama. Uwe na shahada, au mafunzo ya ufundi ya miaka miwili au zaidi yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea. Uwe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, kwa cheti (ngazi za lugha zinapanda hivi: A1 ya kuanzia, A2, B1, B2, kisha C1 na C2 za juu). Na uwe na fedha za kujikimu. Kwa diploma yetu, chuo kiwe kimesajiliwa NACTVET, baraza letu la elimu ya ufundi, halafu unaomba taarifa kwa ZAB, ofisi ya Ujerumani inayochunguza vyeti vya nje. Wana taarifa maalumu ya kidijitali kwa ajili ya elimu ya ufundi, na unaiomba mwenyewe kwa mtandao ukiwa hapohapo Njiro. Wenye shahada wanaanzia anabin, kanzidata ya bure inayoonyesha kama chuo chako kinatambuliwa.

Sasa tuhesabu zako. Umri hadi miaka 35 ni alama 2. Uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, kwenye fani uliyosomea na baada ya kuhitimu, ni alama 2. Ingekuwa miaka mitano ndani ya saba ungepata 3. Kiingereza cha C1, ukiwa na cheti chake, ni alama 1. Jumla 5. Umekwama kwa alama moja, na hilo sidhani kama wakala wako amekuambia.

Alama hiyo iko kwenye Kijerumani. A2 inakupa 1, B1 inakupa 2, B2 inakupa 3. Ukiwa na B1 unafika 6 hata kama mtihani wa C1 ya Kiingereza umekushinda. Ipo pia alama 1 kwa fani zenye upungufu, lakini usiihesabu mpaka uione fani yako kwenye orodha rasmi, na alama 1 kwa aliyewahi kuishi Ujerumani kihalali angalau miezi sita ndani ya miaka mitano iliyopita.

Mlango mkubwa kuliko yote ni utambuzi wa cheti. Wakikagua diploma yako wakasema inalingana na ya kwao kwa sehemu, hiyo pekee ni alama 4. Wakisema inalingana kikamilifu, huhesabiwi alama tena, unaingia kama fundi aliyetambuliwa. Kwa umeme wa viwandani maombi hupelekwa IHK FOSA, ofisi ya chemba za viwanda na biashara inayotambua vyeti vya nje, iliyoko Nürnberg. Kwa umeme wa majengo yanakwenda chemba ya mafundi ya eneo unalokusudia kuishi. Gharama hutofautiana, kwa kawaida kati ya yuro 100 na 600, ukiacha tafsiri za vyeti. Usichoke kuambatanisha mihtasari ya masomo: wanataka kuona ulisoma mota kwa jumla ya saa ngapi, ulifanya vitendo wapi. Rudi chuoni uombe mtaala wenye mhuri.

Hapo kwenye uzoefu ndipo vijana wengi wa Arusha wanapokwama, na inaniuma kwa sababu ni mafundi wazuri kweli. Umefanya kazi miaka mitatu, lakini umelipwa mkononi, huna mkataba, na bosi anakuandikia barua ya mistari miwili: "Fulani alikuwa mfanyakazi wetu." Barua hiyo haikusaidii. Inatakiwa iseme ulianza lini, ulikuwa nani, saa ngapi kwa wiki, na ulifanya nini hasa: ulibadilisha mfumo wa chaji wa magari, ulifunga sola na betri za kambi, ulitengeneza paneli ya jenereta. Iwe kwenye karatasi ya kampuni, na sahihi ya mtu anayeweza kupigiwa simu. Mimi niliambatanisha na taarifa ya michango ya NSSF, kwa sababu inaonyesha mwajiri na miezi. Kama bosi wako hakuchangii, anza kudai sasa. Ni haki yako hata usiposafiri.

Tuje kwenye fedha. Tangu 2025 wanataka uthibitishe yuro 1,091 kwa kila mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka mzima. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30. Wengi huziweka kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto: unaweka zote, ukifika unapewa kidogokidogo kila mwezi. Hazipotei, ni chakula chako na kodi yako ya chumba. Kuna njia nyingine mbili ambazo watu hawasemi. Moja ni mtu anayeishi Ujerumani kusaini kwa mamlaka ya kule kwamba atabeba gharama zako. Huyo anachukua deni halisi la kisheria, kwa hiyo usimwombe mtu unayemfahamu nusunusu. (Moshi na Tübingen ni miji yenye ushirikiano tangu 2014, na watu wetu wa KKKT wana sharika rafiki upande wa Leipzig tangu zamani. Uhusiano huo ni mzuri kwa kujifunza lugha na kupata wa kukuelekeza. Tafadhali msiugeuze kuwa foleni ya kuomba udhamini.) Njia ya pili ni kupata mkataba wa kazi ya muda kabla hujaondoka, kwani kadi inaruhusu kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki. Kima cha chini tangu Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa, kwa hiyo saa hizo 20 zinakupa kama yuro 1,200 kwa mwezi kabla ya makato.

Kuhusu wakala: usimlipe. Ada ya viza yenyewe ni yuro 75, na unalipa ubalozini. Maombi unajaza mwenyewe kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, kisha unaitwa Dar, Umoja House, kwa alama za vidole na kuonyesha nakala halisi. Milioni nane inanunua nini hapo? Haiwezi kukuongezea umri, uzoefu wala B1. Kinachoweza kununuliwa ni cheti cha kughushi au barua ya kazi ya uongo, na vitu hivyo vikigundulika unafungiwa mlango wewe, yeye anabaki Arusha na fedha zako. Milioni hizo nane zinatosha masomo ya lugha, mitihani, tafsiri na ada za utambuzi, na chenji inabaki.

Kwa lugha, sisi watu wa Kaskazini tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Waongoza watalii wanaopandisha Wajerumani mlimani na kuwazungusha Serengeti wanazungumza Kijerumani kizuri, na baadhi yao wanafundisha msimu wa mvua wageni wanapopungua. Mimi nilifundishwa na mmoja wao hapa Moshi, jioni baada ya kazi. Alinifundisha kusikiliza, jambo ambalo kitabu hakifundishi. Ila msamiati wa watalii hautoshi kwa fundi. Tafuta maneno ya fani: kebo, fyuzi, kontakta, kutuliza ardhini, mkondo wa hitilafu. Mtihani wenyewe fanya kwa watoa vyeti wanaokubalika kama Goethe, telc au ÖSD. Goethe-Institut ipo Dar.

Nisisitize hili la lugha kwa nilichokiona. Kadi inakuruhusu kufanya kazi ya majaribio hadi wiki mbili kwa mwajiri mmoja, na kwa fundi hiyo ndiyo nafasi yenye thamani kuliko karatasi zote. Kwenye kiwanda nilichopo sasa nilipewa paneli ya kuendeshea mota na mchoro wake, nikaambiwa nitafute kosa. Umeme ni uleule wa kwetu, volti 230 na 400, hezi 50. Mchoro nao niliuelewa. Lakini kabla sijagusa chochote msimamizi aliniuliza hatua za usalama kwa mpangilio wake: kuzima, kuzuia isiwashwe tena, kupima kama kweli hakuna umeme, na kuendelea. Alitaka nizitamke mimi kwa Kijerumani. Kwao fundi asiyeweza kueleza hatua hizo haachwi peke yake na waya, hata awe na mikono ya dhahabu. Aliyejaribiwa siku hizo pamoja nami alikuwa fundi mzuri, labda kunizidi, lakini alikuja na Kiingereza tu. Hakuitwa tena.

Na maisha ya kule yanasukumwa na lugha hiyohiyo. Ukihamia chumba unatakiwa uandikishe anwani ndani ya wiki mbili, na bila anwani mambo ya benki na kodi yanasuasua. Wenye nyumba wanataka kuongea nawe. Ofisi ya wageni inaandika barua ndefu za Kijerumani. Usikimbilie Berlin au München kwa sababu ndugu zetu wako huko. Vyumba ni ghali na havipatikani. Miji midogo yenye viwanda ina kazi na ina nyumba. Mwaka mmoja unakwisha haraka, na ukimaliza bila kazi ya fani unarudi. Kuna kuongezewa hadi miaka miwili, lakini ni kwa mwenye ofa ya kazi ya fani ambaye hajatimiza masharti ya kibali kingine.

Kwa hiyo kiwanja kisiguswe kwanza. Pata jibu la ZAB, peleka diploma kwenye utambuzi, na fika B1. Ukivipata hivyo vitatu, anza kutuma maombi kwa waajiri ukiwa hapo Arusha, kwa sababu huenda usiihitaji kadi kabisa. Fundi aliyetambuliwa kikamilifu mwenye mkataba anaomba viza ya kazi moja kwa moja, na mshahara wake ndio uthibitisho wa kujikimu, Sperrkonto haiulizwi. Tangu Machi 2024 kuna hata njia ya kuajiriwa bila utambuzi, kwa mwenye mafunzo ya miaka miwili na uzoefu wa miaka miwili, ila mshahara uwe mkubwa; kwa 2025 kima kilikuwa yuro 43,470 kwa mwaka, na kinaweza kuwa chini ya hapo kama mwajiri anafuata mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi. Ukituma maombi kwa miezi kadhaa, ukawa unaitwa kwenye usaili wa video lakini wanataka kukuona kazini kwanza, hapo kadi ina maana, na hapo mkae na mke wako mzungumze kuhusu kiwanja.

Kuhusu shemeji. Mwenza mkiomba kadi pamoja, mmoja wenu anaongezewa alama 1. Lakini kwa muuguzi mimi singeanzia kwenye kadi. Uuguzi kule ni taaluma yenye leseni, na njia inayomfaa ni ushirikiano wa utambuzi ulioanza Machi 2024: hospitali inamwajiri akiwa na A2, anafanya kazi huku akikamilisha masomo au mtihani wa leseni. Anaondoka akiwa na mkataba na mshahara, tofauti na wewe unayekwenda kutafuta. Huenda yeye ndiye atangulie. Awe tu na tahadhari hii: Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye uhaba wa watumishi wa afya, na kanuni za Ujerumani haziruhusu mawakala binafsi kuajiri wauguzi kutoka nchi hizo, inayoruhusiwa ni idara ya ajira ya serikali yao. Muuguzi kuomba mwenyewe hakuna kizuizi. Kwa hiyo akitokea mtu pale mjini akimwahidi wodi ya Hamburg kwa malipo, amwache. Aanze na usajili wake wa Baraza la Uuguzi na Ukunga uwe hai, aombe mtaala wa chuo chake wenye saa za nadharia na za wodini, na aingie darasa la lugha pamoja nawe. Nipo Moshi hadi mwisho wa mwezi. Aliyekwama kwenye kipengele fulani aulize hapahapa ili na wengine wasome.