Vazi la Halloween: mtoto achague, ninyi mtengeneze

Kila ikifika Oktoba, Waswahili wenzangu hapa Chicago huniuliza kama kweli nawaruhusu wanangu kujivika vituko vya Halloween, ule usiku ambao watoto hupita nyumba kwa nyumba wamevaa mavazi ya kuigiza wakiomba peremende. Nawaruhusu, na mimi mwenyewe navaa. Usiku wa tarehe 31 mtu mzima anacheza kama mtoto bila mtu kumshangaa, na jirani ambaye mwaka mzima mnapungiana mikono tu anafungua mlango na kuuliza, "Haya, leo wewe nani?"

Desturi hii ililetwa na wahamiaji wa Ireland na Scotland. Kule kwao, watoto walizunguka wamejigeuza sura, wakaimba au kughani shairi ndipo wapewe tunda au karanga. Hilo la kughani nalipenda sana, kwa hiyo kila vazi nyumbani kwetu lina maneno yake. Simba lazima angurume.

Ushauri wangu: usikimbilie dukani. Mwaka jana binti yangu alitaka kuwa roboti. Tukachukua boksi la nepi, tukatoboa matundu ya kichwa na mikono, tukalizungushia foili, vifuniko vya soda vikawa vitufe. Jumamosi nzima tulikuwa mezani na gundi vidoleni, yeye akiamua kila kitufe kinafanya kazi gani. Furaha ilianzia pale, kabla hata hajabisha hodi kwa mtu.

Fanya vazi liwe pana. Baridi ya hapa haina huruma. Mwaka 2019 theluji ilianguka siku ya Halloween yenyewe. Sweta na koti vikae ndani, maana ukimvalisha koti juu, nani atajua kuwa yeye ni simba? Pindo lisiburute. Usoni mpake rangi badala ya kumfunika kinyago, aone anapokanyaga, na rangi hiyo ijaribu mkononi siku moja kabla. Lenzi za macho za mapambo ziache kabisa kama hujaandikiwa na daktari wa macho.

Jambo moja nalisisitiza: mavazi ya heshima ya watu wengine si kituko. Nisingependa kuona shuka na shanga za Wamasai zikivaliwa kwa mzaha, kwa hiyo wanangu hawavai taji za manyoya za wenyeji asilia wa Marekani. Wanyama, matunda, malaika, mafundi, wapo tele wa kuchagua.

Nanyi wazazi, msisimame nyuma na nguo za kazini. Ndevu za pamba na kofia ya babu zinatosha.