Indiketa Mbili Kwenye Foleni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ulikuwa kwenye foleni umewasha indiketa, gari la mbele nalo limewasha, na taa zenu zikawa zinawaka pamoja kana kwamba zimeambiana. Kidogo zikapishana, hii ikiwaka ile imezima, kisha zikarudi kuwaka pamoja. Ukauliza: Mama, zinavutana?

Hazivutani. Kasi zao hazilingani, basi. Tuseme yako inawaka mara 90 kwa dakika na ya mwenzio mara 84. Tofauti ni 6, kwa hiyo zitakutana mara 6 kwa dakika, yaani kila baada ya sekunde 10. Katika sekunde hizo 10 yako imewaka mara 15, yake mara 14. Umemzidi mzunguko mmoja kamili, ndiyo maana mmejikuta palepale mlipoanzia. Kasi zikizidi kukaribiana, kukutana kunazidi kuchelewa. Zingekuwa 90 na 89 ungesubiri dakika nzima, na huenda foleni ingekuwa imeshasogea.

Wapiga gitaa wanalijua jambo hili kwa masikio. Uzi mmoja ukitetemeka mara 110 kwa sekunde na mwingine mara 113, husikii sauti mbili. Unasikia moja inayovimba na kunywea, wou-wou-wou, mara tatu kila sekunde. Ukiulegeza taratibu ule wa 113, uvimbe unapungua kasi: mara mbili, mara moja, halafu sauti inanyooka, nawe unaacha kugusa. Lakini hata pale mwanzo hakuna uzi uliokuwa ukivimba. Kila mmoja ulishika mwendo wake bila kujali mwenzake. Kilichovimba ni jumla yao ilipofika sikioni mwako.

Kuvutana ni habari nyingine. Mwaka 1665 Christiaan Huygens, Mholanzi aliyebuni saa ya pendulumu (kile kizito kinachobembea huku na huku), alikuwa kitandani anaumwa, akawa anazitazama saa zake mbili zilizoning'inia pamoja. Pendulumu zilibembea kwa mwendo mmoja kabisa, ila kinyume: hii ikienda kulia, ile kushoto. Akizivuruga, ndani ya nusu saa zimerudi vilevile. Alimwandikia baba yake kumweleza (kwao mtoto ndiye aliyekuwa na majibu). Mwanzoni alishuku hewa iliyosukumwa na pendulumu. Alipozitenga mbali zikaanza kuachana, kama sekunde tano kwa siku. Mwishowe akagundua kwamba mchongezi ni mbao iliyozibeba: kila saa iliitikisa kidogo mno, na mtikiso huo ukaifikia nyingine, ukaiwahisha au ukaichelewesha kwa chembe. Chembe hizo zikilimbikizana, tofauti ya kasi inakwisha.

Indiketa zenu hazina mbao hiyo. Hakuna kinachotoka kwenye taa yako kwenda kuigusa ile.

Kinachonifurahisha mimi zaidi ni hali iliyo katikati. Niliwahi kuweka metronomu mbili (vile vyombo vya wanamuziki vyenye fimbo inayobembea na kugonga mapigo) juu ya ubao mwepesi, ubao nikaulaza juu ya makopo mawili matupu ya soda ili uweze kubingirika kulia na kushoto. Kasi zilipokuwa karibu sawa, zilishikana. Nikaongeza kasi ya moja, kidogo tu. Hazikushikana tena, lakini hazikuachana kwa utulivu kama indiketa zako. Zilikaa karibu-pamoja kwa muda mrefu, ile ya haraka ikijikokota kama mtu aliyeshikwa shati, kisha ghafla ikachomoka, ikaizidi mwenzake mzunguko mzima, ikanaswa tena. Mvuto upo, ila hautoshi kuishinda tofauti. Nilipozidi kutofautisha kasi zao, kule kunaswa kukafifia hata kusionekane tena.

Kwa hiyo, kuona vitu viwili vimekutana hakutoshi kusema vinavutana. Hata vya kasi tofauti lazima vikutane mara kwa mara. Tazama jinsi vinavyoachana. Siku nyingine mkiwa kwenye foleni rekodi video ya taa zote mbili, kisha uipunguze kasi. Kama kila muwako unaongeza pengo lilelile, hakuna anayemvuta mwenzake. Kama pengo linasitasita halafu linaruka, nipigie simu saa hiyohiyo, maana nitataka kujua gari lile limeunganishwaje na la kwako.

Na anayerekodi awe abiria, si wewe dereva.

Mama